Chanzo cha Pili

Mwanamke akiigeuza simu kifudifudi, kuna mtu ndani yake. Hilo Kiberiti alilijua kama alivyolijua jina lake la kuzaliwa, ambalo watu wa kazini walikuwa wamelisahau zamani.

Alikuwa amepanda ngazi mbilimbili, jasho la mtaani bado liko shingoni. Alikuwa na picha za daraja lililomeguka, na hamu yake yote ilikuwa Nukta azione kabla ya mtu mwingine. Akausukuma mlango. Nukta alikuwa dirishani, simu sikioni, anacheka kile kicheko cha chini ambacho Kiberiti alizoea kudhani ni mali yake peke yake. Alipomwona akasema, "Nitakupigia," akakata, akailaza simu mezani. Kifudifudi.

"Nani?"

"Watu wa kazi."

"Mimi ni mtu wa nini?"

"Wewe ni mtu wa kuchelewa. Daraja liko wapi?"

"Lipo palepale. Limeondoka nusu." Akamrushia kamera juu ya meza. "Ulikuwa unacheka."

"Siku hizi kucheka kunaombewa kibali?"

"Inategemea unacheka na nani."

Nukta akamtazama. Macho yake hayakuwa na haraka na kitu chochote duniani, na ndiyo yaliyomfunga Kiberiti tangu mwanzo. Leo yalimtazama, yakasita, yakakimbilia kwenye kamera. Hilo nalo Kiberiti akaliona.

"Picha nzuri," Nukta akasema. "Kaandike."

Ofisi nzima ilimwita Mhariri. Kiberiti peke yake ndiye aliyemwita Nukta, kwa sababu sentensi zake ndefu, zile za kukimbia bila breki, yule binti alikuwa akizikata kwa nukta moja na kumrudishia bila maelezo. Walianza hivyo. Siku ya kwanza alimletea habari kali mno, ya mkuu wa chuo na madawati yaliyopotea, na Nukta akaikataa kwa kuwa ilisimama juu ya mtu mmoja tu. "Hapa habari haitoki kwa chanzo kimoja," alimwambia. "Tafuta cha pili." Kiberiti akaenda nyumbani akamwandikia ubeti wa matusi, akautuma. Nukta akasahihisha mizani ya mstari wa pili, akaurudisha.

Kesho yake wakatoka pamoja kutafuta chanzo cha pili. Mvua ikawanasa chini ya ukingo wa duka lililofungwa, bega kwa bega, na hakuna aliyesema neno lolote la maana. Lakini kuanzia hapo, Kiberiti alipoandika, alikuwa anamwandikia msomaji mmoja.

Ukurasa wao uliitwa Jirani. Ulianza kwa mabomba makavu. Katika chumba hiki hiki cha juu ya saluni, harufu ya dawa za nywele ikipanda kupitia sakafu, Nukta aliandika mtaa gani kesho hautapata maji, barabara gani imefungwa, mtoto wa nani amepotea na amepatikana wapi. Watu wakaamka wakiulizana, "Jirani kasemaje?" Mikoa ya pili na ya tatu ikaanza kutuma picha. Kisha kilima kikaporomoka juu ya barabara kuu, Jirani wakafika kabla ya wote, na siku hiyo vituo vikubwa vya nchi nzima vikasoma taarifa zao kwa kusema "kwa mujibu wa Jirani". Nukta aliposikia hayo kwenye redio ya saluni alishuka ngazi peku.

Ndipo akaja Suti.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi, lakini walimwita Suti kwa kuwa alivaa suti katika joto ambalo mbwa walikuwa wanalikimbia, na hakutoka hata tone la jasho. Alikuwa na kampuni mji mkuu. Alitaka Jirani iwe ya taifa: studio, kituo cha televisheni, mwandishi katika kila mkoa. Alizungumza polepole, akasifu chai, akakumbuka majina ya watu.

"Mtu asiyetoka jasho," Kiberiti alimwambia Nukta baadaye, "ana kitu anakificha."

"Ana kiyoyozi kwenye gari," Nukta akajibu.

Wenye Jirani walikuwa wawili, Nukta na Kiberiti. Bila saini ya Kiberiti, hakuna kituo, hakuna studio, hakuna mji mkuu. Na tangu makaratasi ya Suti yalipofika, simu ya Nukta ilikuwa inalala kifudifudi.

Kiberiti hakumuuliza tena. Kiburi kilimkataza. Badala yake, jioni ile akamtumia ubeti:

*Simu waiinamisha, nikija waigeuza,*
*Swali langu wapitisha, jibu lako waliviza,*
*Moyo wangu wauchosha, mwanga umekuwa kiza,*
*Nena nami waziwazi, nimechoka kuyawaza.*

Jibu likarudi kabla hajakaa vizuri: "Mstari wa tatu ni mzuri. Umekula?"

Akalisoma mara nyingi. Mwanamume mwingine angeona upendo. Yeye aliona mlango umefungwa kwa adabu.

*

Basi akafanya alichojua kufanya. Akaanza kumchunguza mpenzi wake kama habari.

Alianza na Shangazi, dada wa baba yake Nukta, aliyekuwa na duka la mapazia. Shangazi alimjua Kiberiti kama kijana wa kazini, mwenye maneno mengi na shati moja zuri. Zaidi ya hapo nyumbani kwao hawakujua kitu. Mama yake Nukta alishasema neno lake mapema, siku moja jina la Kiberiti lilipotajwa mezani: "Mwanamume anayeishi kwa kuandika, mke wake ataishi kwa kusoma?" Tangu siku hiyo Nukta aliyafunga mapenzi yao kama mtu anayefunga kidonda.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kununua pazia au kuchungulia?"

"Napita tu." Akashika kitambaa, akakiachia. "Eti, nasikia nyumbani mtakuwa na wageni karibuni?"

"Wageni gani?"

"Wa heri. Yule bwana wa mji mkuu. Si ndiye anayemtaka binti yenu?"

Shangazi aliacha kukunja kitambaa. "Nani kakwambia?"

"Nasikia tu."

"Wewe mtu wa habari, husikii tu."

"Basi nikanushie."

Shangazi akatabasamu tabasamu refu, la mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kuulizwa ni cha nani. "Ya Mungu mengi, mwanangu. Mimi sina la kukanusha."

Kiberiti akatoka pale. Shangazi hakukanusha. Katika kazi yao, mtu asiyekanusha ameshasema nusu.

Siku chache zikapita. Alikuwa anapanda ofisini, Msusi wa saluni ya chini akamwita, meno yamebana uzi, mikono imo kwenye kichwa cha mteja.

"We Kiberiti, hongera zenu. Bosi wenu anaolewa na yule bwana wa gari jeusi na hamtuambii?"

Kiberiti akashuka ngazi moja. "Nani kasema?"

"Mtu wa ndani kabisa ya ile familia. Mimi siongei ya barabarani."

"Nani?"

"Na wewe ukipewa siri unataja?"

Hicho ni kimoja, Kiberiti akajiambia. Akapita juu bila kumsalimu Nukta, akakaa, akaandika habari ya siku hiyo vibaya hata mwenyewe akaichukia.

Cha pili kilimfuata chenyewe. Dereva wa Suti alikuwa ameegemea gari kivulini, anakula karanga.

"Kaka, bosi wako anapenda huku kwetu siku hizi," Kiberiti akamchokoza.

"Si ameshapata mke huku?" Dereva akasema, kama anayetaja bei ya karanga. "Mhariri wenu. Habari imeenea. Hata mimi nilimtania bosi kwenye gari."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Hakusema ndiyo, hakusema siyo."

Vyanzo viwili. Kimoja upande wa mwanamke, kimoja upande wa mwanamume. Nukta mwenyewe asingeweza kuikataa habari hiyo.

*

Jumamosi asubuhi ofisi nzima ilikusanyika kwa ajili ya saini. Meza zilisogezwa, soda zilipangwa, mtu mmoja alikuwa amesimamisha kamera ili siku ibaki kwenye kumbukumbu. Suti mwenyewe hakuwepo. Makaratasi yalikuwa yametangulia. Nukta alivaa gauni la rangi ya majani mabichi ambalo Kiberiti hakuwahi kuliona, na hilo nalo likawa ushahidi.

"Jamaa zangu," Nukta akaanza, "kuanzia Jumatatu, Jirani..."

"Samahani, Mhariri." Kiberiti alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa tulivu, na waliomjua waliogopa utulivu huo kuliko kelele zake. "Kabla hatujatia saini, tuelezwe jambo moja. Tunauzwa au tunaolewa?"

Soda zikaacha kufunguliwa. Mwenye kamera akaizima bila kuambiwa.

Nukta hakubadilika uso. "Tokeni," akawaambia watu. "Nendeni chini mkapate hewa. Wewe baki."

Walipokuwa wawili, akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha cha mbele yake. Vilikuwa viti vya kila siku, yeye upande wa kuhariri, Kiberiti upande wa kuhaririwa.

"Haya. Sema habari yako."

"Unaolewa na Suti. Ndiyo maana unacheka dirishani. Ndiyo maana simu inalalia tumbo. Umenificha mpaka nitie saini, kisha uende naye mji mkuu mkafungue kituo na nyumba siku moja."

"Vyanzo?"

"Viwili."

"Vitaje."

"Dereva wake. Na Msusi."

Nukta akainuka, akafungua dirisha. Dereva alikuwa benchi la saluni, amekuja kuchukua makaratasi. "Kaka dereva," akaita, "ile habari yangu na bosi wako ulipewa na nani?"

Dereva akatamani kuwa kiatu. "Samahani, Mhariri. Ni hapa hapa benchini. Msusi ndiye aliyekuwa anaisema."

Kiberiti akafungua mdomo. Nukta akamwinulia kidole, akashuka. Saluni ilikuwa chini ya miguu yao na kila neno lilipanda. Aliporudi alikuwa na simu mkononi.

"Msusi aliambiwa na Shangazi," akasema. "Alikuja kusukwa."

"Si ndivyo alivyoniambia? Mtu wa ndani ya familia."

Nukta akapiga, akaweka kwenye spika, akailaza simu mezani. Mara hii uso juu.

"Shangazi, shikamoo. Nani kakwambia mimi naolewa?"

"Marahaba bibi harusi." Sauti ya Shangazi ilijaa chumba. "Unanificha mimi, lakini kijana wako wa kazini hakunificha. Yule mwenye shati moja. Alikuja dukani mwenyewe, uso umemshuka, akaniuliza wageni wanakuja lini. Nikasema, mtu wa habari haulizi asichokijua."

Chini mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma. Kiberiti alihisi masikio yake yanachomwa.

"Shangazi," Nukta akasema polepole, "na wewe ukamwambia nani?"

"Msusi, basi. Na mama yako, mama mtu asijue? Amefurahi mpaka amelia. Ndiyo maana amemwalika yule bwana chai leo saa kumi. Kwani wewe ulidhani chai ya nini?"

"Aliniambia ni ya kumkaribisha bosi."

"Ndiyo. Bosi wa nyumba."

Nukta akakata simu.

"Umeniozesha," Nukta akasema. "Umeniozesha kwa swali. Ukalitupa mtaani, likazunguka, likarudi kwako limevaa nguo, ukalisalimia kama mgeni."

"Nukta..."

"Usiniite hivyo sasa hivi."

"Na simu?" Ilimtoka kabla hajaizuia. "Nikubali nimekosea yote. Simu ulikuwa unaificha. Hilo sikuambiwa na mtu. Niliona."

Hapo Nukta akayaondoa macho.

"Suti alitaka kujua nani awe mkuu wa dawati la habari la taifa," akasema. "Aliuliza juu yako. Aliuliza mara nyingi, kwa sababu anaupenda uandishi wako. Siku uliyoingia na daraja, alikuwa anasoma mstari wako mmoja kwa sauti, ndiyo nikacheka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia bado."

Kiberiti aliwahi kupigwa ngumi na mlinzi wa ghala akiwa kazini. Ile haikuuma hivi.

"Nilisema, anaandika kuliko sisi sote. Ila akikasirika hahakiki. Akishaamini, anatafuta watu wa kumwitikia." Nukta akaigusa simu mezani. "Kisha nikaona aibu kusema hivyo kwa mtu mwingine kabla sijakwambia wewe. Kila ulipoingia nilitaka kukwambia, nikashindwa. Nikageuza simu."

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Na wewe?"

Angeweza kuondoka. Angeweza kuchana yale makaratasi na kuwaacha wote juu ya saluni maisha yao yote, na kiburi chake kingeshiba. Alimtazama Nukta: gauni jipya, na yale macho yaliyokuwa yanasubiri kuona atafanya lipi. Akavuta kalamu. Akatia saini, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma.

"Hata hiyo huihakiki?" Nukta akasema.

"Umeihakiki wewe. Inatosha." Akasimama. "Nifanye nini?"

"Unajua sahihisho linavyowekwa. Palepale kosa lilipotoka, na kwa herufi zilezile."

*

Kiberiti alianzia saluni. Msusi alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Dereva akasema ahsante, lakini kwa uso wa mtu aliyepunguziwa mshahara. Shangazi alikuwa mgumu zaidi. "Mimi nimeshakata kitambaa cha pazia la chumba chao," akasema. "Nimvike nani?"

Saa kumi Kiberiti akapiga hodi katika nyumba ambayo siku zote alikuwa akiishia getini tu.

Baba yake Nukta alikuwa fundi redio, na sebule ilimjua mwenyewe: redio zilizofunguliwa matumbo dirishani, na upande wa pili viti vya mama, vimevuliwa vifuniko kwa heshima ya mgeni. Suti alikaa katikati, kikombe gotini, mkavu kama karatasi. Nukta alikuwa anamimina chai. Alimwona, akaendelea kumimina.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," mama akasema. "Wewe ni wa kazini. Kazi zimefungwa leo."

"Sikuja kwa kazi, mama. Nimekuja kusahihisha." Alisimama katikati ya zulia, mikono haijui iende wapi. "Mmesikia kwamba binti yenu anachumbiwa na huyu bwana. Habari hiyo nimeianzisha mimi. Hakuna aliyeniambia. Nilimuuliza Shangazi kama vile najua, kumbe sijui. Nanyi mkasikia swali langu. Bwana, na wewe nakuomba radhi."

Mama akaweka kisahani chini. Sauti ya kisahani ilisikika sana.

"Kwa hiyo kipaza sauti kiliwekwa mbele ya spika yake," baba akasema, akichezea bisibisi. "Kikapiga mluzi chenyewe, watu wakadhani wanaitwa."

"Usimcheke," mama akasema. "Huyu ameniaibisha. Nimewaambia dada zangu." Akamgeukia Kiberiti. "Swali hilo uliliuliza kwa faida gani? Binti yangu akiolewa wewe unapungukiwa nini?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo. Nukta alikuwa ameshika birika, halijashuka, halijapanda. Kiberiti angeweza kusema ni udadisi wa kazi. Wote wangelala salama.

"Napungukiwa yeye," akasema. "Nampenda, mama. Nilikuwa na wivu."

Hakuna aliyemsaidia. Baba alimtazama binti yake, na binti akatazama birika, na katika kutazama huko baba akapata jibu la jambo ambalo pengine alikuwa amelijua kitambo.

Mama hakumjibu Kiberiti. Alikuwa mwanamke wa kufuata uzi mpaka kwenye sindano, na sasa alimtazama Suti.

"Na wewe mwanangu? Habari hii ulipata kuisikia kabla ya leo?"

"Dereva wangu alinitania."

"Ukaikanusha?"

Suti akatazama ndani ya kikombe. Kwa mara ya kwanza, pembeni ya nywele zake, kitu kidogo kiling'aa. "Sikuona haraka ya kuikanusha," akasema. "Haikuwa habari mbaya."

Basi pua ya Kiberiti haikumdanganya yote. Mama naye akaketi vizuri, uso ukianza kurudisha nuru.

"Bwana," Nukta akasema. Alishusha birika kwanza. "Jirani nakuletea Jumatatu, saini ziko tayari. Nitaiongoza kadiri ninavyojua, na nitakubishia kila siku. Hicho ndicho ulichopata kwangu. Kingine hukukiomba, na ungekiomba ningekataa. Nasema mbele ya mama yangu ili tusije tukasema mmoja wetu alisikia vibaya."

"Binti," mama akaanza.

"Mama, chai inapoa."

Suti akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alishukuru kwa chai, akakumbuka kumtaja kila mtu kwa heshima yake, mpaka Kiberiti. Mlangoni akasema, "Jumatatu, Mhariri. Studio iko vilevile." Akatabasamu. Kiberiti alilitafuta tishio ndani ya tabasamu hilo, akalikosa, na kulikosa hakukumpa raha.

"Anaondoka kweli," baba akaziuliza redio zake, "au anaondoka arudi?"

*

Nukta alimsindikiza hadi uani. Nguo zilizoanikwa zilikuwa kati yao na dirisha la sebule.

"Unaamini kwamba studio iko vilevile?" Kiberiti akauliza.

"Siamini. Nitaona. Mimi huwa nasubiri kuona."

"Nimesikia."

"Sikukusudia kukuchoma."

"Ulikusudia, na ni haki yako." Alikuwa anashika kona ya shuka lililolowa, bila kujua. "Unakwenda peke yako na mtu asiyekuwa na haraka."

"Nakwenda peke yangu na kazi yangu. Wewe unabaki na chumba cha juu ya saluni, mkoa mzima ni wako, na nitasoma kila unachotuma. Nitakikata."

"Na mimi na wewe?"

Akamwangalia, yale macho yakarudi mahali pake, hayana haraka. Akalitoa shuka mkononi mwake, na vidole vyake vikakawia juu ya vidole vya Kiberiti muda mrefu kuliko shuka lilivyohitaji.

"Usije mji mkuu kunichungulia," akasema. "Nikikuona unauliza walinzi na madereva, nitajua na tutakuwa tumekwisha. Ukitaka kujua kitu changu, niulize mimi. Hata kama ni swali baya. Hata kama nitakasirika."

"Unampenda?"

"Nani, Suti? Hapana."

"Unanipenda?"

"Leo nimekuchukia toka asubuhi." Sauti yake ilishuka. "Na nilipokuona umesimama juu ya lile zulia la mama na viatu vyako vya vumbi, nilitaka kulia. Nenda nalo hilo. Sina jingine la leo."

Akarudi ndani. Pazia la mlango likatikisika, likatulia.

Kiberiti alikuwa amefika getini aliposikia ndara nyuma yake. Alikuwa mama, na ufunguo mkononi. Alimpita, akafungua, akasimama upande, akimpima kuanzia viatu kwenda juu.

"Mimi wewe sikuamini," akasema. "Nataka ujue. Hata yule sikumwamini sana, ila yeye ana gari."

"Nimeelewa, mama."

"Hujaelewa. Umeingia humu peke yako, mdomo mbele, kama mtu anayeleta tangazo. Binti yangu si tangazo." Akasubiri avuke kizingiti, kisha akalivuta geti mpaka ukabaki uwazi wa uso mmoja. "Ukija tena, usije na habari. Njoo na watu wako."

Akalifunga, na Kiberiti akasikia komeo likiingia polepole, kana kwamba mkono uliolishika haukuwa na uhakika.